Kumbukumbu Chini ya Unyayo

Wako watu wa heshima, wapenzi wa muziki wa dansi na wa kwaya, wasemao kwamba gitaa lilikufa siku mpigaji alipoanza kutumia miguu. Husema kuwa zamani kazi ya gitaa ilikuwa ya mikono miwili na sikio. Sasa kijana wa Mpanda hupanda jukwaani akiinama kama mtu aliyepoteza shilingi, na mbele yake umetandazwa ubao wenye visanduku vya pedali, kila kimoja na taa yake, na katikati yao kisanduku kirefu kinachoviamuru vingine. Kisanduku hicho kirefu ndicho kichukiwacho zaidi. Huitwa mashine ya wavivu, huitwa kasumba, huitwa mwisho wa ufundi. Shitaka hili limerudiwa mara nyingi bila ya kupimwa, na kwa kule kurudiwa limepata sura ya hekima. Walakini ni mazoea tu yaliyovaa kanzu ya hekima, na yafaa yavuliwe.

Kabla ya hukumu yapasa mshitakiwa ajulikane. Gitaa la umeme lina sumaku chini ya nyuzi zake. Uzi ukitikisika, huzaliwa umeme mdogo sana uendao kwa waya hadi kwenye amplifaya na spika. Pedali ni kisanduku kiwekwacho katikati ya safari hiyo ili kuugeuza umeme huo kabla haujawa sauti. Iko pedali ya mkwaruzo, inenepeshayo sauti na kuipa ukali. Iko ya mwangwi, iyarudiayo mapigo kama mlima uitikiavyo mtu. Iko ya korasi, ifanyayo gitaa moja lisikike kama mawili. Na iko kompresa, inayosawazisha pigo zito na pigo jepesi. Desturi ya kwanza ilikuwa kuzipanga pedali hizi moja nyuma ya nyingine, zikaunganishwa kwa nyaya fupi, na mpigaji akazikanyaga moja moja kuziamsha au kuzilaza. Katika mpango huo sauti hupita katika pedali zote, zilizo macho na zilizolala.

Mtu wa Katavi hahitaji kupelekwa mbali ili aelewe kisanduku kirefu hufanya nini. Reli ya Mpanda huchepuka Kaliua kutoka katika reli ya kati iendayo Kigoma, ikasafiri kilomita zipatazo 210 hadi mwisho wake. Penye njia panda ya reli, njia ikigeuzwa, behewa hili hufuata treni ya Mpanda na lile hubaki pembeni. Swichi ya kumbukumbu ni njia panda ya namna hiyo. Kila pedali hupewa njia yake ya kwenda na ya kurudi. Ile inayotakiwa huingizwa safarini. Isiyotakiwa huachwa pembeni kabisa, na sauti haipiti ndani yake. Tena jambo lililo kubwa zaidi ni hili: amri ya kugeuza njia huandikwa mapema, ikahifadhiwa, na kuitwa kwa mkanyago mmoja. Mafundi wa Los Angeles, Bob Bradshaw akiwa miongoni mwa wanaojulikana sana, waliijenga mitambo ya jinsi hii kwa wapiga gitaa wakubwa katika miaka ya 1980. Lugha ya vyombo iitwayo MIDI, iliyotolewa mwaka 1983, ikaiwezesha mitambo hiyo kuziamuru hata pedali zenye kumbukumbu zao wenyewe. Leo kisanduku kifanyacho kazi ile huchukuliwa kwapani. Huyu ndiye mshitakiwa.

Shitaka la kwanza ni kwamba mashine inaua mkono. Watu wasemao hivyo na waulizwe: swichi hii hupiga noti gani? Haipigi hata moja. Ukiuondoa mkono wa mpigaji, ubao wote na taa zake hukaa kimya kama sahani zisizopakuliwa. Haihesabu mapigo kwa niaba ya mtu, haitafuti kodi, haisahihishi kidole kilichokosea. Tena mkwaruzo na mwangwi hulitangaza kosa kuliko kulificha. Mkono mbovu uliowekewa mwangwi husikika mbovu mara mbili.

La ajabu ni kwamba washitaki haohao huketi kwa utulivu katika arusi na katika ibada mahali ambapo kinanda cha umeme hupiga ngoma, besi na hata mapambo kwa mtindo uliotungwa kiwandani, na mpigaji akawa mtu wa kubonyeza na kungojea. Kinanda kile kimewaondoa jukwaani mpiga ngoma, mpiga besi na mpiga gitaa katika miji mingi ya Tanzania, na hakuna aliyekiitia mkutano. Lakini gitaa, chombo ambacho bado hudai vidole, nyama na usugu, likiwekewa swichi ya kubadili rangi ya sauti, makelele hujaa mji. Huku ni kuchuja mbu na kumeza ngamia.

Na iulizwe pia kama wazee wa muziki walipiga bila ya matayarisho na bila ya vifaa. Mpiga ngoma huiotesha ngoma yake motoni kabla ya mchezo ili ngozi ikaze na sauti ipande. Hakuna aliyepata kumwambia kuwa moto umempokonya ufundi. Wagogo huziba tundu la ilimba kwa utando wa buibui ili kila noti itoke na mvumo wa nyuki. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliisikizisha dunia ilimba ya watu wake. Mvumo ule ni nini kama si mkwaruzo uliotafutwa kwa makusudi? Huko Kinshasa wapigaji wa Konono No. 1 waliutia umeme katika likembe kwa sumaku za vyuma chakavu, sauti ikakwaruza, nao wakaupokea ule mkwaruzo kama sehemu ya wimbo. Asemaye kwamba masikio ya Kiafrika hutaka sauti tupu isiyoguswa ameyasingizia masikio hayo.

Mara nyingine hutajwa Mwenda wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952. Alikuwa na gitaa moja kavu, kidole gumba na kidole cha shahada, na Kiswahili cha Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Na kwa vitu hivyo vichache alijaza nyumba. Ni kweli, na sifa yake haipungui. Walakini sifa ya mtu mmoja si sheria juu ya watu wote. Wale waliomfuata katika miaka ya 1960, kina Docteur Nico huko Kongo na Mbaraka Mwinshehe huko Morogoro, walishika gitaa la umeme bila ya kuomba radhi, wala gitaa kavu halikufa kwa sababu yao. Anayeisifu sauti ya Mbaraka na kuulaani umeme katika gitaa analisifu tunda na kuulaani mti.

Shitaka la pili ni la ugeni. Husemwa kuwa kisanduku hiki kimebuniwa mbali, na watu wasioijua Mpanda, kwa ajili ya muziki usio wa Mpanda. Yote hayo ni kweli, wala hayathibitishi kitu. Reli yenyewe ya Mpanda ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba, yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Haikujengwa kwa huruma ya mkulima wala ya msafiri. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Je, wenyeji waliing'oa reli kwa kuwa nia yake ya kwanza haikuwa yao? Waliipanda, wakapakia mahindi na mpunga, wakasafiria misiba na arusi, na leo hakuna mtu wa Mpanda aionaye kuwa mgeni. Chombo hakizaliwi na uraia. Huupata kwa kazi. Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, umekusanya Wapimbwe, Wabende na Wakonongo pamoja na Wafipa, Wasukuma, Waha na wengine waliohamia, pamoja na watu wa asili ya Burundi waliofika Katumba na Mishamo katika miaka ya 1970. Katika nchi iliyokutanisha watu wengi namna hii, anayeuliza kila kitu kilizaliwa wapi atachelewa kuuliza kinafanya nini.

Shitaka la tatu ndilo lenye uzito, na alijibuye kwa mzaha hajalielewa. Husemwa kwamba muziki ulio hai hubadilika usiku kwa usiku, na mtu aliyekwisha kuandika Jumamosi jinsi sauti yake itakavyokuwa Jumapili amejifunga minyororo. Hofu hii inastahili jibu la kweli, maana kuna wanaofungwa hivyo. Lakini na itazamwe ni kitu gani kilichoandikwa. Kumbukumbu ya swichi haihifadhi maneno ya gitaa. Huhifadhi mavazi yake tu. Watunzi wa Kiswahili wanajua tofauti hiyo kuliko watu wengine. Mtunzi wa utenzi amejiwekea kipande cha mizani 8, na mtunzi wa shairi mshororo wa mizani 16. Na kwa sababu mizani imekwisha kuingia katika damu yake, akili yake hubaki huru kutafuta maana. Anayehesabu mizani kwa vidole mbele ya hadhira si huru kuliko mwenzake. Ana shughuli nyingi tu. Ndivyo alivyo mpiga gitaa anayetafuta pedali kwa ncha ya kiatu wakati waimbaji wanamngoja.

Na ichukuliwe hali moja ya kawaida. Wimbo wa dansi, na siku hizi wimbo wa kwaya pia, huanza polepole kwa maneno, kisha hugeuka kuwa chemko la kuchezwa. Tuseme sehemu ya kwanza ina mapigo 100 kwa dakika, na chemko lina mapigo 120. Mwangwi uliolinganishwa na pigo la kwanza hurudi baada ya milisekunde 600. Chemko hudai 500. Mwangwi usipobadilishwa, kila jibu lake huchelewa, na gitaa hugombana na ngoma mbele ya watu. Basi mpigaji hudaiwa aizime korasi, aiwashe kompresa, apandishe sauti kidogo, na ainame kuzungusha kitasa cha mwangwi: mambo manne, na pigo moja la chemko ni nusu ya sekunde. Hawezi. Ama ataliharibu chemko, ama ataacha kubadilisha sauti na kupiga wimbo mzima kwa rangi moja. Wengi wamechagua hili la pili, kisha watu wakasema gitaa linachosha, na kinanda kikaitwa. Kwa swichi yenye kumbukumbu mambo yale manne huwa mkanyago mmoja, kichwa kimeinuliwa, macho kwa mwimbaji. Yule kijana aliyelaumiwa kwa kuinama huinama kwa sababu hana chombo hiki au hajakipanga; aliyekipanga hutazama mbele.

Liko tena jambo la idadi ya watu. Bendi kubwa kama Tabora Jazz ya Segere Matata, jirani wa Mpanda kwa njia ya reli, au Morogoro Jazz, ziligawa kazi kwa magitaa kadhaa: solo, ridhimu, besi, na aghalabu solo la pili lililosuka katikati. Kila gitaa lilikuwa na sauti yake kwa sababu lilikuwa na mtu wake. Kwaya ya mji mdogo aghalabu ina gitaa moja. Mtu huyu mmoja hulazimika kuwa ridhimu katika beti, solo la pili katika kiitikio, na solo katika chemko. Hawezi kuwa watu watatu kwa wakati mmoja, lakini aweza kuwa mmoja baada ya mwingine bila ya kuchelewa, ikiwa mavazi yote matatu yametundikwa tayari mlangoni.

Ikiwa washitaki wamejibiwa, isidhaniwe kuwa upande wa pili una haki ya kupiga vigelegele. Wako vijana waliolifanya jambo hili kuwa ibada ya masanduku. Hununua pedali tisa kabla ya kujua kulinganisha nyuzi sita. Huziacha kumbukumbu zilizotiwa kiwandani, wakapiga pambio la Kibende kwa sauti iliyotengenezwa na mtu asiyejua kuwa Kibende kipo. Hapo swichi huwa kweli mnyororo, maana kumbukumbu ile ni ya mtu mwingine. Tofauti baina ya chombo na bwana wa chombo imo katika swali hili moja: ni nani aliyeiandika?

Basi kuipanga swichi ni kazi ya akili kabla ya kuwa kazi ya waya. Huanza kwa karatasi. Mpigaji huorodhesha nyimbo zake, akaandika kila sehemu inataka sauti ya namna gani, kwa maneno yake mwenyewe: nyororo, kavu, kali, ya mbali. Pedali tano zikiwashwa na kuzimwa hutoa michanganyiko 32; lugha ya MIDI ina namba 128 za kuitia mipangilio; na karatasi ile, ikiandikwa kwa ukweli, huonyesha kwamba nyimbo za mwaka mzima zinahitaji minne au mitano. Kuchagua minne na kuzikataa iliyobaki ndiko kunakoitwa ufundi katika kila sanaa. Anayetumia yote thelathini na miwili hana sauti; ana duka.

Kisha hufuata utaratibu wa pedali. Kompresa hutangulia, mkwaruzo hufuata, kisha korasi, kisha mwangwi, na mvumo wa ukumbi mwishoni. Utaratibu huu una sababu: mwangwi ukitangulia mkwaruzo, mkwaruzo hutafuna kila rudio na kuliacha kama mnong'ono wa mlevi. Sababu ikijulikana, utaratibu waweza kuvunjwa kwa makusudi. Isipojulikana, huvunjwa kwa bahati mbaya. Kila mpangilio uwe na mahali pasipohama chini ya mguu, nyororo kushoto na solo kulia, ili mguu ujue njia gizani. Mmoja uwe wa kimya, wa kulinganishia nyuzi bila ya kuwaudhi watu. Nguvu za sauti zilinganishwe ukumbini, ngoma ikilia na waimbaji wakiimba, si chumbani usiku. Maana sikio hupokea sauti nzito kwa namna nyingine katika sauti ndogo, na solo lililopendeza kitandani laweza kuzama kanisani.

Waya nazo zina hesabu yake, na mtu mkweli haifichi. Pedali tano zilizofuatana hutaka nyaya sita na plagi 12. Zikipitishwa katika swichi hutaka nyaya 12 na plagi 24: mbili kwa kila pedali, moja kutoka gitaani na moja ya kwenda amplifaya. Kwa hiyo swichi huongeza mahali pa kuharibika, na mwuzaji asemaye kuwa huondoa matatizo yote anauza ndoto. Faida iko kwingine. Waya mrefu hunyonya ukali wa sauti ya gitaa, na sauti isiyopitishwa katika pedali zilizolala hufika na uhai wake; na pedali moja ikifa katikati ya ibada, mpangilio usioitumia huendelea kulia, ambapo katika mnyororo wa zamani maiti mmoja huzuia njia ya wote.

Umeme ndio mtihani mkubwa wa Mpanda. Kwa miaka mingi mji huu uliendeshwa kwa mitambo ya dizeli, mbali na gridi ya taifa, na anayepiga muziki huko amejifunza kutouamini ukuta. Pedali nyingi hutaka volti 9 za umeme mnyoofu, mara nyingi zenye hasi katikati ya plagi. Anayechomeka bila ya kusoma huichoma. Pedali ya mkwaruzo ya kawaida hula miliampea chache, na ya mwangwi wa kidijiti huweza kula mamia. Jumla ifanywe kabla ya kununua kigeuzi cha umeme, kibakishwe na akiba, na kila tundu lake lijitegemee, ili kelele za pedali moja zisivuje kwa jirani. Mvumo wa chini unaosikika mpigaji akinyamaza aghalabu ni umeme wa ukutani wenyewe, wa mizunguko 50 kwa sekunde, ulioingia kupitia nyaya mbaya au njia mbili za ardhi. Inverta duni ya betri huongeza mikwaruzo isiyoombwa. Na umeme ukikatika, mipangilio iliyohifadhiwa haifutiki, ila mtambo hutaka sekunde kadhaa kuamka. Wapinzani hulitaja hili kwa furaha: ngoma haizimiki. Ni kweli, lakini kipaza sauti cha mhubiri huzimika, na hakuna aliyeshauri mhubiri arudi kwenye pembe ya mnyama.

Nyuma ya mambo haya ya ufundi liko jambo la haki, na hapo ndipo ugomvi wote unapostahili kuamuliwa. Tangu miaka ya 1960 bendi nyingi za Tanzania zilikuwa za vyama, majeshi na mashirika. NUTA Jazz, ya chama cha wafanyakazi, ni mfano uliojulikana. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpigaji aliyehama aliliacha gitaa, akaiacha amplifaya, na pamoja navyo akaiacha sauti ambayo watu walimjua kwayo. Hali hiyo haijakwisha: katika kwaya nyingi vyombo ni vya kanisa, na vijana hupokezana. Swichi yenye kumbukumbu hairekebishi umaskini, lakini huleta jambo jipya: kila mpigaji aweza kupewa fungu lake la mipangilio katika chombo kimoja cha shirika, akalikuta Jumapili kama alivyoliacha. Hata kama chombo si chake, fikira iliyomo ni yake. Kwa mtu ambaye hakuwahi kumiliki kitu jukwaani isipokuwa vidole vyake, hili si jambo dogo.

Nani basi aliyewanyima vijana hawa elimu ya kuliandika fungu hilo? Washitaki wa nje wamelaumiwa vya kutosha. Sasa lawama na ije nyumbani kwa wasomi. Kitabu cha maelezo kinachokuja na kisanduku kimeandikwa kwa Kiingereza na Kijapani na lugha kadha wa kadha za Ulaya, na hakina neno la Kiswahili. Kijana wa Mpanda, aliyesoma sarufi ya Kiswahili hadi kidato cha nne na zaidi, hujifunza kwa kubahatisha, akiunguza kigeuzi hiki na kuharibu kile. Wakati huohuo mabingwa wa lugha wanaandika kurasa juu ya asili ya neno gitaa, wala hawajampa mwenye gitaa majina ya vitu vilivyo chini ya miguu yake. Wanangojea nini? Mwangwi ni neno la kale. Mkwaruzo hueleweka na mtoto. Njia ya kwenda na njia ya kurudi, fungu, mpangilio, njia panda: maneno yote yamo mdomoni mwa watu, yanangoja kuajiriwa. Lugha inayodai kuwa yaweza kufundisha fizikia na sheria, kisha ikashindwa kumweleza mtu jinsi ya kuunganisha kisanduku na kisanduku, inadai mkopo ambao haujalipwa.

Haitoshi pia kununua vilivyokwisha kuundwa. Swichi isiyo na kumbukumbu, yenye kufungua na kufunga njia mbili au tatu tu, haina siri: ni sanduku la bati, swichi za mguu, matundu ya plagi, nyaya, na risasi ya kulehemu. Fundi wa redio ajuaye kazi yake aweza kuiunda akipewa mchoro ulioandikwa kwa lugha anayoisoma. Hapa historia ya Mpanda ina uchungu wake. Nchi hii ilitoa madini ya risasi miaka kumi, ikayapakia katika mabehewa na kuyaona yakiondoka. Na baada ya miaka mingi hupokea visanduku vilivyofungwa, na nyuma yake maandishi yenye kuonya visifunguliwe. Anayemcheka kijana kwa kukitamani kisanduku hicho na acheke kwanza mpango uliomfundisha kukitamani bila ya kumfundisha kukifungua.

Shule za ufundi na zifundishe kulehemu kwa mfano wa chombo ambacho vijana wanakipenda, maana mapenzi ni nusu ya elimu. Kwaya na bendi na ziandike mipangilio yao katika daftari, kwa Kiswahili, ili mpigaji ajaye aikute, aifute akitaka, au aiboreshe. Idara za muziki na za lugha katika vyuo vikuu na zikutane juu ya kijitabu kimoja cha kurasa arobaini, chenye michoro, kisichoona haya kueleza hasi na chanya. Kijitabu hicho kitawafaa watu wa Mpanda kuliko maombolezo mia juu ya kufa kwa gitaa. Gitaa halijafa. Limeelemewa na watu wawili: mmoja anayeuogopa mguu wa mpigaji, na mwingine aliyeuacha mguu huo ukanyage kumbukumbu za wageni. Wote wawili na waondoke njiani, kwa kuwa waimbaji wamekwisha kufika katika chemko na wanangoja jibu la gitaa.